Nilivyowaua Watu wa Slievemore

Niliandika kwamba watu wa kijiji kizima walikufa kwa njaa. Hawakufa. Wajukuu na vilembwe wao wanaishi chini ya mlima uleule, wanafuga kondoo, wanalipa mikopo ya nyumba, wanagombana juu ya mipaka. Mmoja wao alinikuta nikiwa katikati ya kuwazika.

Kosa ni langu peke yangu. Mhariri alichapa nilichompelekea. Hakuna mwenyeji aliyenidanganya, kwa sababu hakuna mwenyeji niliyemuuliza.

Sikuwa mvivu, na wala sikuwa na nia mbaya. Nilisoma kiasi, nikaona kiasi, na palipobaki pengo nikajaza kitu nilichotamani kiwe kweli. Huenda hata wewe unalo kosa la namna hiyo mahali fulani, ila bado hajatokea wa kukuumbua.

Slievemore ni mlima wa mita 671 katika kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Achill ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo pwani ya nchi hiyo, na tangu 1887 kimeunganishwa na bara kwa daraja. Slievemore ni jina la kitongoji pia. Ardhi yote ya Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina lake na mpaka wake, na vingi ni vya kale kuliko kaunti zenyewe. Kitongoji kinaweza kuwa na nyumba thelathini, kingine kina tatu, kingine kina kondoo tu. Mtu wa shamba ukimuuliza kwao ni wapi, atakutajia kitongoji kabla ya kitu kingine. Ramani zilichorwa kwa vitongoji, kodi ikakadiriwa kwa vitongoji, watu wakahesabiwa kwa vitongoji. Kwa maneno mengine, kila nilichohitaji kujua kilikuwa kimeandikwa na kupangwa kwa jina la mahali. Sikukitafuta.

Kwenye mteremko wa kusini wa mlima huo kuna mahame. Nyumba za mawe kati ya 80 na 100 zimejipanga kando ya njia ya zamani, zaidi ya kilomita moja. Hazina paa. Kuta zimesimama, nyingine hadi kifuani, nyingine hadi juu kwenye pembe. Nyingi zina chumba kimoja tu. Kuzizunguka kuna matuta ya viazi yaliyofunikwa na nyasi, na jua la jioni likiyapiga kwa ubavuni yanaonekana wazi utadhani yalilimwa mwaka jana. Mwanzoni mwa njia kuna makaburi, na watu bado wanazikwa pale.

Mara ya kwanza nilifika siku ya ukungu. Nilikuwa nimehamia Mayo kikazi, na gazeti moja la nyumbani lilikuwa likichapa makala zangu za safari. Katika nyumba ya wageni nilikolala, mgeni mwenzangu, mtalii kama mimi, aliniambia kwamba juu kule kuna kijiji cha njaa. Nilipanda, nikaona nyumba tupu na makaburi, nikarudi nimeshiba. Makala ilikuwa imekwisha kichwani kabla sijafika kwenye gari.

Njaa Kuu nilikuwa nimeisoma. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi uliangamiza chakula ambacho maskini wa nchi ile walikitegemea karibu peke yake. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 hivi, ile ya 1851 ilihesabu milioni 6.5 na ushei. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi zaidi wakavuka bahari. Takwimu hizo ni za kweli, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Nilichukua vifo vya nchi nzima nikavibandika kwenye njia moja ya kijiji kimoja, na kwa kuwa idadi ilikuwa sahihi nikajiona mwangalifu.

Kisha nikapamba. Katika nyumba moja niliona pete ndogo imepachikwa ukutani, chini chini, karibu na upande wa mlango. Nikaandika kwamba mama wa nyumba ile alifunga hapo kamba ya kitanda cha mtoto, akikibembeza kwa mguu huku akimenya kiazi cha mwisho. Sijui kwa nini niliamua ni kitanda cha mtoto. Nadhani sentensi ilikuwa inahitaji mtoto.

Nilikuwa na kisingizio kizuri pia. Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyokuwa katika majengo ya mahakama ya Four Courts mjini Dublin iliteketea, na karibu fomu zote za sensa za 1821 hadi 1851 zikaungua humo. Niliitumia habari hiyo katika makala kwa majonzi mengi: kwamba hata majina yao moto uliyameza, kwamba hakuna tena awezaye kujua. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba sehemu hiyo ilimliza. Nilifurahi mno kupata barua hiyo. Leo naiona kuwa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, maana moto wa 1922 niliugeuza ruhusa ya kutotafuta.

Makala ilipendwa. Baada ya hapo ndugu na marafiki waliokuwa wakiishi Dublin na Galway, Watanzania na Wakenya, walipokuja huku magharibi waliniomba niwapeleke. Nikawa kiongozi wa msafara. Kila safari simulizi iliongezeka nyama. Mama wa kitanda cha mtoto akapata mume. Mume akaenda kutafuta kazi ya barabara akafia njiani. Niliyasema hayo kwa sauti ya chini, nikiwa nimevua kofia.

Siku niliyogundua, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Nilikuwa na kundi la watu wa rika zote, na binti mmoja aliyezaliwa Ayalandi, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani na Kiingereza chake ni cha Mayo kabisa. Tulisimama ndani ya ile nyumba yenye pete. Nikasimulia. Nilipomaliza nikaomba tusimame kimya kidogo kwa heshima ya marehemu. Watu wakainamisha vichwa. Baba mmoja alifumba macho.

Mama mmoja mwenyeji alikuwa makaburini akisafisha kaburi. Alikuja na ndoo na brashi mkononi, akatuona, akasimama nje ya ukuta akingoja tumalize. Alikuwa na adabu. Alidhani mmoja wetu amefiwa. Tulipoinua vichwa akamuuliza binti kwa upole ni nani aliyefariki. Binti akamjibu kwamba ni watu wa nyumba hii. Yule mama akatazama nyumba, akatutazama sisi, akauliza tena: lini?

Walizungumza kwa muda. Niliwaelewa vizuri, Kiingereza nakijua, lakini nilijifanya nimeshughulika na begi. Kisha binti akanigeukia na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mjomba, huyu mama anasema bibi yake alikuwa analala humu akiwa msichana. Walikuwa wanakuja na ng'ombe wakati wa kiangazi. Anasema hiyo pete ni ya kufungia ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Yule baba aliyefumba macho alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka, bila hasira, akingoja tu nimwambie kwamba yule mama amekosea nyumba. Nilifungua kinywa. Nilikuwa tayari kusema hivyo hasa. Nikaiangalia pete: ilikuwa usawa wa goti langu. Hakuna mama anayebembeza mtoto kwa kamba iliyofungwa usawa wa goti. Sakafu upande ule ilikuwa inateremka kidogo, na kati yake kulikuwa na mfereji, wa kutolea mkojo wa mifugo. Nilikuwa nimeuruka mfereji ule kila safari nisitie kiatu matopeni, na sikuwahi kujiuliza uko pale kwa kazi gani.

Nikasema, "Ni kweli. Nilikosea." Halafu, kwa kuwa watu walikuwa bado wananitazama, nikaongeza kwamba sehemu nyingine ya hadithi ni sahihi. Hilo nalo sikuwa na uhakika nalo.

Yule mama hakunikaripia. Alieleza kwamba bibi yake hakupenda kazi ile kwa sababu ya visubi, na kwamba alifia kitandani mwake katika kijiji cha Dooagh, mzee sana, akiwa amezungukwa na watu. Kisha akauliza kama tumeshakunywa chai.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kukijua kitu hiki kuliko mtalii yeyote. Mimi ni mtu wa Mafia. Kwetu wavuvi huenda dago: hujenga vibanda vya makuti kwenye kisiwa kisicho na wakazi, huvua, huanika ng'onda, na upepo ukigeuka hurudi makwao. Vibanda hubaki vitupu hadi msimu mwingine, na baadhi haviguswi tena. Tulipokuwa watoto tulimwona mgeni mmoja akivipiga picha vibanda hivyo kwa uso wa huruma, tukamcheka mpaka tukakaa chini. Slievemore, mwenye kamera nilikuwa mimi.

Na sababu ya kosa langu niliijua, ingawa ilinichukua muda kuikiri. Nilitaka wawe wamekufa. Tangu utotoni nimeona picha za njaa, na waliomo kwenye picha walikuwa watu wanaofanana na mimi. Nilipojua kwamba Ulaya nayo ilikuwa na njaa yake, tena chini ya utawala wa Waingereza, tena meli zikiendelea kupakia nafaka na mifugo kwenda Uingereza, nilifurahi. Neno hilo si zuri, lakini ndilo la kweli. Nilitaka kuwaonyesha wasomaji wangu Mzungu mwenye njaa. Kwa ajili hiyo nilihitaji kijiji kilichokufa chote, na nikakitengeneza. Nilichokuwa nikikilalamikia kwa wageni wanaokuja kwetu ndicho nilichowafanyia watu wa Slievemore.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kusoma. Kazi haikuwa ngumu, na hilo ndilo la aibu. Fomu za sensa ziliungua, lakini vitabu vya majumuisho vilivyochapwa baada ya sensa ya 1851 vipo, na vinataja kila kitongoji: idadi ya watu na nyumba mwaka 1841, kisha mwaka 1851, safu mbili kandokando. Ipo ramani ya 1838, iliyochorwa kabla ya njaa kwa kipimo kikubwa kiasi cha kuonyesha nyumba mojamoja. Ipo orodha ya Richard Griffith, iliyochapwa kwa awamu kati ya 1847 na 1864, inayotaja mpangaji, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na thamani yake. Fomu za sensa za 1901 na 1911 zilisalimika, na ziko kwenye intaneti bure. Nilifungua za Dooagh nikiwa kwenye kochi langu mwenyewe. Majina, umri, kazi, lugha wanazozungumza, nyumba baada ya nyumba. Na wanaakiolojia wamekuwa na shule yao ya mafunzo Achill tangu 1991, wakichimba na kupima magofu yaleyale niliyoyatungia hadithi.

Picha iliyotoka humo ni ndefu na haina mlio wa ngoma. Watu wa Slievemore walilima kwa kushirikiana, kila familia na vipande vilivyotawanyika huku na huko, vikigawanywa upya mara kwa mara ili rutuba na mawe vimfikie kila mtu. Mwaka 1831 mchungaji Edward Nangle alifika kisiwani na kuanzisha misheni ya Kiprotestanti Dugort, upande wa pili wa mlima, na kati yake na Wakatoliki kukawa na ugomvi mrefu. Njaa ikapita, ikaua na ikasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 misheni ilinunua sehemu kubwa ya kisiwa, na wapangaji wakajikuta na mwenye ardhi mpya katika nchi ambayo wenye ardhi wengi walipendelea malisho kuliko vipande vya kugawana. Familia zikaanza kuhama, si kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Wengi wao waliteremka Dooagh, karibu na bahari, penye samaki na mwani wa kurutubishia mashamba. Nyumba za juu hawakuzitupa. Walizitumia wakati wa kiangazi, vijana wakipanda na ng'ombe na kukamulia kule kule, mpaka ndani ya karne ya 20.

Kuhama kulikuwa sehemu ya riziki yao. Vijana wa Achill walikwenda Uskoti kila mwaka kuvuna viazi vya watu wengine na kurudi na fedha ya kodi. Tarehe 14 Juni 1894, watu 32 walizama katika ghuba ya Clew wakielekea kupanda meli ya kwenda huko. Nyumba iliyofungwa Achill ilikuwa na maana kumi, na kifo kilikuwa mojawapo tu.

Lazima nikiri kosa la pili, dogo lakini la ukoo uleule. Nilipokwisha kusoma nilitaka kuandika makala mpya yenye kelele kama ya kwanza: kwamba njaa haikuhusika kabisa, kwamba kila mtalii amedanganywa. Nilikuwa nimeshaandika nusu. Nilisimama kwa sababu nilirudi kwa yule mama kumsomea, na akanikatiza. Alisema wapo waliokufa, na wapo waliofukuzwa, na wapo waliopanda meli wasirudi, na kwamba yeye hakuniambia kwamba hapakuwa na njaa. Aliniambia juu ya ng'ombe. Nikaichana nusu ile.

Gharama zilikuwa hizi. Gazeti lilichapa masahihisho mafupi kwenye ukurasa wa barua, na halikunipa tena kazi ya makala za safari. Malipo ya makala nilikuwa nimeshayala. Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika kwamba aliisoma darasani katika somo la historia, na ilimbidi arudi mbele ya wanafunzi kueleza. Alisema hakuniandikia kunilaumu, ila alitaka nijue. Familia mbili nilizozipeleka mlimani nilizipigia simu. Wengine sikuwapata. Msomaji aliyelia nilimjibu pia. Hakuandika tena.

Kwa yule mama sikupoteza kitu, na hiyo ni huruma yake. Alinionyesha picha ya bibi yake, msichana amesimama kando ya ng'ombe, amekunja uso kwa jua. Aliniomba nisiichapishe popote. Nimetii.

Wewe unayeandika, au unayeongoza wageni, au unayesimulia tu mezani, utafika siku moja mahali penye nyumba tupu. Kabla hujasema wenyewe walikwenda wapi, uliza nani ana haki ya kulisha mifugo pale leo. Uliza waliozikwa jirani wametembelewa lini mara ya mwisho. Pale Slievemore palikuwa na maua mabichi, na niliyapita. Angalia vitu vya ukutani viko usawa wa nani. Na ukiona hadithi inakaa vizuri mno na kile ulichokuwa unataka kusema tangu nyumbani, iache ilale mpaka umpate mtu wa kuipinga.

Makala yangu ya kwanza bado inazunguka kwenye simu za watu, imeshapoteza tarehe na jina la gazeti, na masahihisho hayakuifuata. Ikikufikia, utaitambua kwa mama anayebembeza kitanda cha mtoto kwa mguu. Usiitume kwa mwingine. Na aliyekutumia mwambie kwamba aliyefungwa pale alikuwa ng'ombe, na kwamba hayo kayasema mwandishi mwenyewe.